Mhindi na Mhindu: Somo Nililolipata Miguu Mitupu

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Mimi nilikuwa sijui maana, na ubaya zaidi, nilikuwa sijui kwamba sijui. Makala haya ni ya kukueleza nilivyofunguka macho kuhusu majirani zetu ambao tumeishi nao mji mmoja kwa zaidi ya miaka mia moja bila ya kubishiana hodi. Keti kitako, usinikatize, na mwishoni kuna maswali.

Mambo yalianza katika mjadala wa chama chetu. Mada ilihusu sikukuu za watu wa dini mbalimbali nchini, kama zina faida kwa taifa ama hazina. Mimi nilikuwa upande wa upinzani. Nilisimama, nikakohoa kidogo kama mheshimiwa jukwaani, kisha nikanguruma: "Wahindi wote ni Wahindu, Wahindu wote ni matajiri, na hiyo Diwali yao ni fataki na kelele tu! Wazee wetu hawakukosea waliposema baniani mbaya!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Nilijiona simba wa nyika. Mwalimu mlezi wa chama akangoja makofi yaishe, akaniambia kwa upole, "Malizia methali."

Lo! Nilikodoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Nusu ya pili sikuijua. Sauti moja ya nyuma ikanisaidia: "Kiatu chake dawa!" Vicheko vikajaa ukumbi. Nikaketi.

Sitaficha kilichonituma kusema yale. Baba alifanya kazi miaka kumi na mmoja katika karakana moja ya Eneo la Viwanda, na mwenye karakana alikuwa Mhindi. Siku moja aliambiwa kazi imekwisha. Alirudi nyumbani Ayany kwa miguu, akiwa na bahasha ya mshahara wa nusu mwezi, basi. Tangu siku ile, nyumbani kwetu neno Mhindi lilitamkwa kama mtu anayetema mbegu ya limau.

Lakini kuna upande mwingine. Mama naye hufua na kupika katika nyumba moja Parklands, kwa ajuza mmoja ambaye kila mtu humwita Ba, yaani mama au nyanya kwa Kigujarati. Habari za hotuba yangu zilipomfikia, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Na Ba naye ulimtia katika hilo kapu lako?" Nikanyamaza. "Haya. Shule zikifungwa utanifuata. Ukaone kwanza, ndipo useme."

KWANZA TUSAHIHISHE MAJINA

Kabla sijakupeleka Parklands, tuweke lugha sawa, maana sisi ni chama cha Kiswahili na kosa langu la kwanza lilikuwa la lugha.

Mhindi ni mtu ambaye asili yake ni India, ama Bara Hindi kwa jumla. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Herufi moja tu ya mwisho, lakini tofauti yake ni kama ya Mwarabu na Mwislamu. A. M. Jeevanjee, aliyeupa mji wa Nairobi ile bustani inayoitwa kwa jina lake, alikuwa Mhindi lakini hakuwa Mhindu. Alikuwa Mwislamu wa Kibohora. Allidina Visram, mfanyabiashara aliyetapakaza maduka kutoka pwani hadi Uganda, alikuwa Mwislamu wa Kiismailia. Makhan Singh, mtetezi wa wafanyakazi aliyezuiliwa na wakoloni kwa zaidi ya miaka kumi, alizaliwa katika jamii ya Masingasinga. Pio Gama Pinto, aliyeuawa Nairobi mwaka 1965, alitoka kwa Wagoa, ambao wengi wao ni Wakatoliki. Kisha wako Wajaini, wenye dini yao wenyewe ya tangu kale. Hawa wote mitaani tunawaita "Wahindi" na kuwadhania kitu kimoja.

Na Baniani je? Neno hili lilitokana na jina la tabaka la wafanyabiashara wa Gujarati. Watu wa pwani walilitumia kwa Mhindu yeyote mwenye duka. Siku hizi linaweza kumuuma mtu, kwa hiyo lichunge ulimi.

Usinicheke peke yangu kwa kuchanganya, maana kosa hili lina umri mkubwa. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi, Wareno wake waliwakuta mabaharia kutoka India. Waliwaonyesha picha ya Bikira Maria na wale wageni wakainama kwa heshima. Wareno wakaandika kwa furaha kwamba wamekutana na Wakristo! Wanahistoria wanaona kwamba watu wale walikuwa Wahindu. Basi hata nahodha aliyevuka bahari kuu aliteleza pale pale nilipoteleza mimi.

WALIFIKAJE HUKU?

Wanafunzi wengi hudhani kwamba Wahindi wote waliletwa na reli. Si kweli. Pepo za kaskazi na kusi zilikuwa zikileta majahazi ya Kutch na Gujarati kwenye pwani yetu karne nyingi kabla ya Mwingereza. Huko Unguja, katika enzi ya Seyyid Said, forodha yote ilikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, ambaye alikuwa Mhindu wa jamii ya Bhatia.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India kwa mkataba, wengi wao kutoka Punjabi. Karibu 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na mengineyo, wakiwemo wale walioliwa na simba wa Tsavo mwaka 1898. Wengi wa waliosalia walirudi kwao. Waliobaki ni kama 6,700 tu. Ndiyo maana Wahindi wengi wa Kenya ya leo si wajukuu wa makuli wa reli. Ni wajukuu wa wenye maduka, mafundi na makarani waliojilipia nauli wakaja nyuma ya reli.

Hapa Ayany tunasikia honi ya treni ikipita Kibera kuelekea magharibi, na watoto hutembea juu ya reli kama barabara. Kwa kweli njia ya kwanza kabisa ilipitia upande wa Westlands, na kipande hiki chetu kilitandikwa baadaye. Lakini hadithi ni ile ile moja. Isitoshe, Kibera yenyewe ilianzishwa na watu walioletwa na Mwingereza: Wanubi, askari wake kutoka Sudani. Wao pia walikaa miaka na mikaka wakiitwa wageni. Mwaka 2017 ndipo Wanubi wa Kibera walipopewa hati ya ekari 288 za ardhi, na mwaka huo huo, Julai, Wakenya wenye asili ya Asia wakatangazwa kuwa kabila la 44 la Kenya. Kumbe tuliokuwa tukiitana wageni tulisajiliwa mwaka mmoja!

Kwa nini wengi wao waliingia biashara? Sababu moja ni kwamba wakoloni waliwakataza kumiliki mashamba katika nyanda za juu walizojitengea Wazungu. Mtu asiye na shamba hushika mizani. Na si wote walioshika mizani tu. Manilal Ambalal Desai, Mgujarati aliyefika Kenya mwaka 1915, alikuwa na gazeti lililoitwa East African Chronicle, na alimsaidia Harry Thuku kwa ofisi na uchapishaji alipokuwa akitetea Waafrika. Hilo silo nililosema ukumbini, maana sikulijua.

Leo Wahindu si wengi. Sensa ya 2019 iliwahesabu 60,287 katika nchi nzima yenye watu zaidi ya milioni 47.

SIKU YA MWAKA MPYA WA 2080

Naam, siku ya siku ikafika. Ilikuwa Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023. Mvua za El Nino zilikuwa zimeigeuza njia yetu kuwa uji. Mama na mimi tulivaa mifuko ya plastiki juu ya viatu hadi stendi ya matatu, tukapanda hadi mjini, kisha nyingine hadi Parklands.

Ba alitupokea mlangoni. Ni mfupi, mweupe wa nywele, na sari yake ilikuwa rangi ya parachichi. Alinitazama juu hadi chini akasema, "Idhi nade?"

Nusura nianguke. Kijaluo! Kumbe Ba alizaliwa Kisumu, baba yake akiwa na duka la vitambaa, na lugha hiyo aliinyonya pamoja na maziwa. Yeye na mama huongea Kijaluo siku nzima. Kiswahili chake ndicho kilichopinda kidogo: "Leo iko mwaka mupya. Mwaka elfu mbili na themanini. Wewe iko kijana ya zamani sana!" Msicheke, jameni. Sisi wenyewe mtaani husema "kitabu yangu" na "gari imeharibika", na tunacho chama cha Kiswahili.

Lakini ile 2080 haikuwa utani. Wagujarati hufuata kalenda iitwayo Vikram Samvat, ambayo imeitangulia kalenda yetu kwa miaka 56 au 57. Mwaka wao mpya huanza siku inayofuata Diwali. Kwa hiyo nilitoka Ayany mwaka 2023, nikashuka Parklands mwaka 2080. Hata roketi haiwezi.

Tukamsindikiza Ba hadi hekaluni. Wenyewe huliita mandiri. Lile la kwao ni dogo, lakini njiani tulipita lile kubwa la Swaminarayan ambalo lilifunguliwa mwaka 1999 kwenye barabara iliyokuwa ikiitwa Forest Road, na ambayo leo ni Barabara ya Profesa Wangari Maathai. Ukilitazama utadhani ni mlima ulionakshiwa kwa sindano. Mawe yake ya manjano yalichongwa India, yakaletwa kwa meli vipande vipande, yakaunganishwa hapa.

Mlangoni pa hekalu tulivua viatu. Vyangu vilikuwa na tope la Kibera mpaka kwenye kamba. Niliona haya, nikavisukuma nyuma ya vingine. Mzee mmoja aliyekuwa akivipanga akavitoa, akavigonga tope, akaviweka kwenye safu pamoja na vya wengine. Hakunitazama usoni. Nikakumbuka ile nusu ya methali iliyonishinda: kiatu chake dawa. Hapa, viatu vya kila mtu vilikuwa vimeachwa nje, na ndani hakuna aliyejua cha tajiri wala cha mfuaji.

Ndani mtu hugonga kengele, kisha husimama mbele ya murti, yaani sanamu takatifu. Tendo hilo huitwa darshani, maana yake kuona na kuonwa. Nilimuuliza Ba kama wao huabudu mawe. Mama alinifinya, lakini Ba hakukasirika. Akasema, "Picha ya mama yako iko simu yako? Ukibusu, wewe nabusu kioo?" Nilikosa jibu. Baadaye nilijifunza kwamba Wahindu wengi huamini Mungu mkuu mmoja anayejidhihirisha kwa sura nyingi, na kwamba murti hualikwa kwa ibada kuwa makao yake. Ndiyo sababu huvishwa nguo, huwekewa chakula, na katika mahekalu mengi milango hufungwa mchana ili apumzike. Tena wapo Wahindu wasiotumia sanamu hata kidogo. Hao ni wa Arya Samaj, ambao wamekuwa Nairobi tangu 1903. Kwa hiyo ukisema "Wahindu wote", simama kwanza uhesabu.

Kilele cha ibada ni arti. Kasisi wao huzungusha taa ya samli yenye tambi za pamba mbele ya murti huku watu wakiimba na kupiga makofi. Kisha taa hupitishwa kwa watu. Kila mmoja hupitisha viganja juu ya moto na kujipaka joto lake usoni. Ilipofika kwangu nilisita. Mimi ni Mkristo na sikutaka kuigiza ibada isiyo yangu. Nikainamisha kichwa tu, na taa ikapita. Hakuna aliyeninung'unikia.

Siku hiyo huitwa Annakuta, yaani mlima wa chakula. Mbele ya murti palipangwa vyakula vya kila namna kwa ngazi, kuanzia sakafuni hadi kifuani kwa mtu: ladu, bajia, kachori, wali wa manjano, matunda, hata keki. Vyote bila nyama, na katika mahekalu ya Swaminarayan hata kitunguu na kitunguu saumu havitiwi. Baada ya ibada chakula hicho huitwa prasadi, chakula kilichobarikiwa, na hugawiwa wote waliofika. Tuliketi sakafuni kwa safu. Daktari mmoja aliyekuwa karibu nami alikula kwa mkono, na mama, na mlinzi wa lango, na mimi. Sahani moja, kijiko kimoja cha kupakulia.

SIKUKUU ZENYEWE

Sasa tufanye somo kidogo, maana mtihani ni mtihani. Miezi ya Wahindu hufuata mwezi wa angani, kama ya Waislamu. Tofauti ni kwamba mwaka wa Kiislamu hupungukiwa na siku kama 11 kila mwaka, ndiyo maana Ramadhani huzunguka majira yote. Wahindu huongeza mwezi mmoja kila baada ya miaka mitatu hivi ili kalenda ifikiane na jua. Kwa hiyo Diwali huangukia kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba daima.

Navratri ni siku tisa, na jina lenyewe lina maana ya usiku tisa. Ni za kumtukuza Mungu katika sura ya mama, aitwaye Durga au Amba. Wagujarati hucheza garba, ngoma ya duara kuzunguka taa, na dandia, ngoma ya kugonganisha vijiti. Kumbi za Parklands na Ngara hukesha. Siku ya kumi ni Dussehra, ukumbusho wa mfalme mwovu Ravana kushindwa na Rama.

Diwali huja siku kama ishirini baadaye, usiku usio na mwezi. Rama alikuwa mwana wa mfalme aliyefukuzwa kwao miaka 14. Mkewe Sita akatekwa nyara na Ravana. Rama alipomshinda na kurudi Ayodhya, watu waliwasha taa njia nzima ili apate kuona. Ndiyo sababu ya vibatari na mishumaa. Mbele ya milango huchorwa rangoli, mapambo ya unga wa rangi. Wafanyabiashara huleta vitabu vyao vya hesabu vibarikiwe, na siku hizi hata kompyuta huwekwa mbele ya murti. Juu ya kitabu huchorwa alama ya swastika. Usishtuke! Ni alama ya heri ya maelfu ya miaka, kabla Hitler hajaipora.

Hapa Kenya, Sheria ya Sikukuu za Umma inaitambua Diwali kuwa siku ya mapumziko kwa watu wa dini ya Kihindu.

Holi huja Februari au Machi, mwezi ukiwa mpevu. Usiku huwashwa moto mkubwa, na kesho yake watu hurushiana rangi mpaka bosi na tarishi hawatambulikani.

Nilipokuwa nasikiliza hadithi ya Rama kurudi kwao, niliwaza: hawa wanaosimulia hawakurudi. Wanakumbuka kurudi kwa mtu mwingine, katika nchi ambayo wamezaliwa. Na wapo waliohamishwa mara ya pili. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda kwa muda wa siku 90. Wengi walikwenda Uingereza. Leo mji wa Leicester unajulikana kwa taa za Diwali katika Belgrave Road, na hekalu la Neasden, London, lililofunguliwa mwaka 1995, lina waumini wengi waliotoka Afrika Mashariki. Ba ana dada yake huko Leicester. Wakipigiana simu na hawataki wajukuu waelewe, husema Kijaluo.

TUMEKULA NAO KATIKA LUGHA

Sisi twasema hatujui mambo ya Wahindi, lakini hebu fungua kinywa chako. Pesa, laki, gari, bima, hundi, cheti, dobi, gunia, bangili, karai, embe, chapati, bajia, kachumbari: maneno haya yote Kiswahili kiliyapata kutoka lugha za India. Ndani ya rangoli limo neno rang, ambalo ni ndugu wa rangi yetu. Na ni nani hapa Kibera anayeweza kuila Krismasi bila chapati? Tunasherehekea kuzaliwa kwa Yesu kwa mkate wa Gujarati na Punjabi, na tunaona ni desturi ya mababu.

Hata mauti yametukutanisha. Wahindu huchoma miili ya maiti wao, na tanuri lao la Kariokor huwapokea wasio Wahindu pia. Profesa Wangari Maathai aliteketezwa hapo Oktoba 2011, na Bob Collymore, mkuu wa Safaricom, Julai 2019. Watu wengi walishangaa wakati ule. Lakini jambo lililoonekana la Wahindi peke yao lilikuwa tayari limekuwa letu.

KIKOMBE CHA DIRISHANI

Hapa ningependa kumaliza, ndugu msomaji, ili makala yawe matamu. Lakini nitakuwa nimekudanganya.

Baada ya hekalu tulirudi kwa Ba kunywa chai. Mimi nililetewa chai katika kikombe cha kaure cha wageni. Mama alikwenda dirishani mwa jikoni, akachukua kikombe cha bati chenye ua jekundu kilichokuwa kimekaa peke yake, akajimiminia. Hakuna aliyesema neno. Ilifanyika kama mtu anavyozima taa akitoka chumbani.

Katika matatu nilimuuliza. Mama akatazama nje, akasema, "Kile ni changu. Nimekizoea." Tukafika Ngong Road ndipo akaongeza, "Lakini kuzoea si kupenda."

Nimelichunguza jambo hili. Chanzo chake kimoja ni desturi ya kale ya usafi wa chakula: nyumba isiyokula nyama huogopa chombo kilichogusa nyama. Chanzo cha pili ni kibaya zaidi, nacho ni tabaka, kule kuona kwamba mtu wa chini hunajisi. Wahindi wenyewe walipambana nalo. Gandhi alilipinga. Ambedkar, ambaye alizaliwa katika tabaka lililotengwa, aliongoza kamati iliyoandika rasimu ya Katiba ya India, na kifungu cha 17 cha katiba hiyo iliyoanza kutumika mwaka 1950 kilipiga marufuku kutengwa huko. Na mimi nilikuwa nimetoka kwa Mungu wao muda mfupi tu, ambako mama alikula sahani moja na daktari. Kwa hiyo siwezi kusema kikombe kile ni dini. Ni tabia iliyokaa dirishani, na imekaa kwa sababu hakuna aliyeiondoa.

Nikajiandaa kukasirika upya. Lakini usiku huo, tulipofika Ayany, nilipita mlango wa jirani nikamwona msichana wao wa kazi akila peke yake jikoni, amekaa juu ya debe, huku wenyewe wakitazama televisheni. Msichana huyo ana sahani yake. Nimeiona kwa miaka miwili na sijawahi kuiona. Na jirani yetu si Mhindi wala Mhindu. Ni mtu wa kwetu.

Ndipo nikamuuliza baba swali ambalo lilikuwa likinikereketa tangu mjadala. "Baba, yule bwana wa karakana alikuwa Mhindu?"

Baba aliinua kichwa. Akafikiri sana.

"Sijui," akasema. "Miaka kumi na mmoja. Sikuwahi kumuuliza."

HITIMISHO

Somo langu basi ni fupi. Aliyemdhulumu baba ni mtu mmoja, na dhuluma ile nitaiita dhuluma mpaka kesho. Lakini nilipoibandika jina la watu wote, nilimsamehe mwenye kosa na kumshtaki Ba. Kutaja jambo kwa jina lake halisi ndiyo kazi ya kwanza ya lugha, na ndiyo kazi ya chama chetu.

Na ile methali? Mwalimu mlezi alinieleza kwamba haimsemi baniani. Inamsema yule anayemtukana mwenziwe huku akitafuta faida kwake. Inanisema mimi, niliyesema baniani mbaya nikiwa nimevaa shati lililonunuliwa kwa mshahara wa Parklands.

Kikombe bado kipo dirishani. Mama amesema atamuuliza Ba mwenyewe, kwa Kijaluo, siku atakayoona inafaa. Nami nimemsalimu msichana wa jirani kwa jina lake. Ilinibidi kwanza nimuulize anaitwa nani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya Mhindi na Mhindu, ukitoa mfano mmoja wa Mhindi asiye Mhindu.
2. Kwa nini Diwali haizunguki majira yote kama Ramadhani?
3. Taja maneno matano ya Kiswahili yenye asili ya India, uyatungie sentensi.
4. "Kuzoea si kupenda." Jadili kauli hii kwa kutoa mfano kutoka nyumbani kwenu, si kwa jirani.

Mwandishi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu.